Joto la Oktoba na radi za saa tisa: kwa nini Uyole wanalowa na Mbalizi wanabaki na vumbi

Kila ikifika Oktoba huku kwetu Nyanda za Juu Kusini maneno ni yaleyale, ukipanda daladala Mwanjelwa, ukikaa kwa kinyozi Mafinga, ukinunua vitunguu Ilula, mtu anajifuta jasho anakwambia joto limezidi, mvua iko karibu. Inapita wiki, zinapita mbili, joto lipo palepale na mvua hakuna. Alafu inakuja siku moja ya Novemba, joto la kawaida tu, saa nane mchana mlima Loleza, ulio juu ya jiji la Mbeya, unavaa wingu jeusi, saa tisa mabati yanapigwa mawe mpaka hamsikilizani ndani, saa kumi na moja jua linawaka tena, na wewe wa Uyole, mashariki mwa jiji, ukimpigia simu ndugu yako wa Mbalizi, upande wa magharibi, anakuuliza mvua gani hiyo mnayoizungumzia. Nataka tulifungue hili jambo taratibu manake kuna watu wanapoteza mbegu kila mwaka kwa kutolielewa, na wapo wanaopoteza uhai.

Kwanza tukubaliane kitu kimoja, joto peke yake halileti mvua. Ili wingu la ngurumo lizaliwe vinahitajika vitu vitatu kwa pamoja: ardhi iliyopata moto ya kuipasha hewa ya chini, unyevu wa kutosha ndani ya hiyo hewa, na kitu cha kuinyanyua ipande juu. Joto Oktoba tunalo la kumwaga. Milima ya kunyanyua hewa tunayo mwaka mzima, haijaenda popote. Kinachokosekana ni unyevu, na ndo maana ule msemo wa joto likizidi mvua iko karibu ni kweli nusu tu.

Tuanze na hilo joto lenyewe. Katikati ya Oktoba jua la saa sita linapita juu kabisa ya utosi kwa sisi wa Mbeya na Iringa, likiwa safarini kwenda kusini, na litarudi kupita tena hapo mwishoni mwa Februari. Lakini Februari hatulii joto kama Oktoba, kwa nini? Kwa sababu Februari kuna mawingu na ardhi imelowa, sehemu kubwa ya nguvu ya jua inaishia kukausha maji ya kwenye udongo na majani. Oktoba anga ni jeupe, ardhi imekauka tangu Mei, majani yamechomwa au yameliwa na ng'ombe, hakuna maji ya kukausha, kwa hiyo nguvu yote ya jua inaingia kwenye udongo na udongo unaipasha hewa. Ndo hapo Mbeya mjini, kwenye kimo cha mita kama 1,700, mchana unafika nyuzi joto 27 au 28, na kwa mtu aliyezoea sweta hiyo ni adhabu. Usiku uleule anga jeupe linaachia joto lote lipotee juu, asubuhi unaamka na baridi ya nyuzi 13 hivi. Mgeni anashangaa mchana anatafuta kivuli na usiku anatafuta blanketi zito, ila sababu ni ileile moja, ukavu.

Na joto halifanani kwa sababu kimo hakifanani. Kwa wastani ukipanda mita 1,000 unapoteza nyuzi 6 au 7. Aliyewahi kutoka Ruaha Mbuyuni kwenye mibuyu akapanda Kitonga mpaka Ilula analijua hili kwa ngozi yake, unafunga kioo cha gari ulichokuwa umekifungua chote. Chimala kwenda Matamba kwa ile barabara ya kona 57 ni hivyohivyo, chini kwenye uwanda wa Usangu ni mita 1,000 na kidogo, mtu yuko kifua wazi shambani kwenye mpunga, juu Kitulo mita 2,600 hivi mtu amevaa koti. Hao wawili wako karibu kiasi kwamba wa juu anaona vumbi la wa chini. Kumbuka hii tofauti, tutairudia, ndo injini ya kila kitu.

Sasa unyevu. Hapa naomba tuende na hesabu kidogo, sio ngumu. Hewa yenye mvuke ukiipoza inafika mahali mvuke unaanza kugeuka matone, hicho kiwango cha joto kinaitwa kiwango cha umande. Hewa ikipanda bila kuwa na wingu inapoa karibu nyuzi 10 kwa kila mita 1,000. Ukichukua joto la hewa ya chini, ukatoa kiwango cha umande, kila nyuzi moja ya tofauti ni kama mita 125 za kupanda kabla wingu halijaanza. Chukua mchana wa Oktoba pale Igurusi, kwenye uwanda huohuo wa Usangu, tuseme nyuzi 33, hewa kavu kiasi kwamba kiwango cha umande ni 8. Tofauti ni 25, kwa hiyo wingu linaanza zaidi ya mita 3,000 juu ya kichwa chako. Hapo likipatikana ni kijiwingu tu, na hata kikidondosha matone yanasafiri kilomita tatu nzima kwenye hewa kavu ya moto, yanaishia hewani. Wakulima wa Usangu wanaona hii kitu kila mwaka, michirizi ya kijivu inaning'inia chini ya wingu upande wa Mbarali, inaonekana kabisa ni mvua, lakini chini haifiki, kinachofika ni upepo na vumbi. Na zile chamchela zinazotembea mashambani saa saba mchana zikibeba makapi ya mpunga na mifuko ya plastiki, hizo zinakuonyesha hewa inapanda kwa nguvu kweli, ila imepanda mikono mitupu.

Songa mbele mpaka Novemba ya mwishomwisho. Igurusi ileile nyuzi 30, yani joto limepungua, lakini kiwango cha umande kimefika 16. Tofauti ni 14, wingu linaanza mita 1,750 juu ya uwanda, na ukijumlisha na kimo cha uwanda wenyewe unapata kama mita 2,850 kutoka usawa wa bahari. Angalia hiyo namba vizuri. Loleza ina mita 2,656, kilele cha Rungwe kiko kwenye 2,960 hivi. Yani tumbo la wingu limeshuka mpaka limegusana na vilele vyetu, na ndo maana siku za namna hiyo tunaona mlima umevaa kofia kabla ya saa sita. Joto limepungua lakini mvua imekaribia, kinyume kabisa cha msemo.

Huo unyevu unatoka wapi? Kuanzia Mei mpaka Oktoba upepo wetu mkubwa ni wa kusini mashariki, unatoka Bahari ya Hindi, lakini ukipita juu ya nchi kavu unakutana na kuta za milima, Udzungwa, ukingo wa Mufindi, Livingstone, unaacha manyunyu na ukungu huko upande wa mashariki (watu wa chai Mufindi wanaujua huo ukungu wa Julai) na unavuka kuja Usangu na Iringa mjini ukiwa mkavu. Kuelekea Novemba lile eneo la mgandamizo mdogo linalofuata jua, Mamlaka ya Hali ya Hewa huwa wanaliita ukanda mvua, linateremka kutoka kaskazini kuja kwetu, na upepo wenye unyevunyevu kutoka misitu ya Kongo unaanza kufika upande wa magharibi. Hii mikondo miwili ikikutana juu ya nchi yetu ndo msimu, Novemba mpaka Aprili. Ila haiji siku moja. Inasogea, inarudi, inasogea tena, na hicho kipindi cha kusuasua ndo hasa kipindi cha radi za mchana.

Milima inaingia wapi? Jua la asubuhi linapiga mteremko wa Loleza au wa Uporoto, udongo wa mteremko unapata moto, unaipasha hewa iliyougusa. Hewa hiyo iko mita 2,500, na pembeni yake, kwenye kimo hichohicho juu ya uwanda, kuna hewa ambayo haijagusa chochote na bado ni ya baridi. Mlima ni kama jiko lililoinuliwa likawekwa juu ya meza, linapasha hewa ya chumba kutokea katikati sio kutokea sakafuni. Hewa ya mlimani inakuwa nyepesi kuliko jirani zake, inapanda, na nafasi yake inajazwa na hewa ya chini inayokwea mteremko, ndo kale kaupepo ka saa nne saa tano kanakotoka bondeni kupanda juu. Hewa hiyo inayokwea ikiwa na unyevu, ikifika juu inaanza wingu. Na hapo kinatokea kitu ambacho kwangu mimi ndo siri ya jambo zima: mvuke ukigeuka matone unarudisha joto lote lililotumika kuukausha kule mashambani na ziwani. Hewa iliyokuwa inapoa nyuzi 10 kwa kilomita sasa inapoa 5 au 6 tu, kwa hiyo inabaki ya moto kuliko mazingira yake, inazidi kupanda, yenyewe inajisukuma. Wingu lililokuwa kifundo cheupe saa tano, saa nane linaweza kuwa mnara wa kilomita 12 au zaidi, kichwa kimetandazika bapa kama meza. Watu wa hali ya hewa wanaliita kumulonimbasi.

Huko ndani ya huo mnara, kuanzia kimo cha kama mita 4,500 mpaka 5,000 kwenda juu, ni barafu. Vipande vidogo vya barafu vinapanda na upepo, vipande vizito vinashuka, vinagongana mamilioni kwa mamilioni, na katika kugongana vile vidogo vinaondoka na chaji chanya kwenda juu na vile vizito vinabaki na chaji hasi chini. Tofauti ikizidi uwezo wa hewa kuizuia, inapasuka, hiyo ndo radi, njia nyembamba ya umeme inayopasha hewa kwenye nyuzi 30,000 kwa kufumba na kufumbua, hewa inatanuka ghafla na ule mlio wa kutanuka ndo ngurumo. Mwanga unafika papo hapo, sauti inatembea kilomita moja kwa sekunde tatu. Kwa hiyo ukiona mwanga anza kuhesabu, sekunde kumi na tano ni kilomita tano.

Mvua ya mawe nayo watu wanauliza, mbona Mbeya, Makete, Njombe inapiga mawe na Kyela huwezi kuisikia kirahisi wakati Kyela ndo kuna mvua kubwa? Jibu ni safari ya kushuka. Jiwe likitoka kwenye mstari wa barafu kwenye mita 4,700 hivi, kufika Kitulo linashuka kilomita mbili tu, kufika Kyela kwenye mita 500 linashuka zaidi ya nne, tena kwenye hewa ya moto, linayeyuka njiani linafika tone nono. Sisi tunaoishi juu tunaliwahi kabla halijayeyuka. Ndo bei ya kuishi juu, na mkulima wa viazi au wa parachichi anailipa kwa dakika kumi tu za mawe, majani yanabaki nyavu.

Wingu hili lina tabia ya kujiua lenyewe. Mvua na mawe vikianza kushuka vinaburuta hewa ya baridi kutoka juu, hiyo hewa inashuka kwa kasi inafika chini inatapakaa pande zote, ndo ule upepo unaotangulia mvua kwa dakika chache, unaodondosha joto ghafla, unaofunga milango na kuezua mabati ambayo hayakupigiliwa vizuri. Watu wanasema kimbunga, hapana, ni pumzi ya wingu lenyewe. Ikishatapakaa chini inakata njia ya hewa ya moto iliyokuwa inalilisha wingu, na ndani ya nusu saa mpaka saa moja wingu limeisha. Lakini hiyo hewa baridi inapokimbia inanyanyua hewa ya moto iliyoko mbele yake, kwa hiyo wingu moja linakufa Uporoto linazaa lingine Igawilo, lile linazaa lingine au halizai kabisa, kutegemea mabonde na upepo wa juu unasukuma wapi siku hiyo. Hapo sasa ndo unaelewa Uyole na Mbalizi. Wingu moja la namna hii linanyesha eneo la kilomita chache tu. Mvua haijambagua mtu, ni kwamba wingu lenyewe ni dogo kwa upana kuliko jiji letu.

Na hapa niwatetee kidogo watu wa utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakiandika "ngurumo na mvua katika maeneo machache" ya mikoa ya Mbeya, Songwe na Iringa, wanamaanisha machache kwelikweli, wengi wenu hamtaiona. Hawajadanganya ukibaki mkavu. Hakuna kompyuta duniani ya kukwambia saa tatu asubuhi kwamba kifundo cha wingu kitazaliwa juu ya mteremko upi saa nane. Wanachoweza kujua ni kwamba leo hewa ina unyevu, leo haijatulia, leo milima itafanya kazi. Wakitoa angalizo au tahadhari, hayo ni madaraja tofauti, tahadhari ni nzito kuliko angalizo, tusiyasome kama kitu kimoja.

Kyela na Tukuyu ni habari nyingine kabisa na nisingependa mtu wa Busokelo asome hapa aseme nimemsahau. Kule kuna Ziwa Nyasa. Mchana upepo unatoka ziwani umebeba mvuke, unaingia kwenye mdomo wa bonde, kushoto kuna milima, kulia kuna Livingstone, mbele amesimama Rungwe, hauna pa kutokea isipokuwa juu. Ndo maana upande ule unapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na nyuma ya milima hiyohiyo, Usangu, wanapata kama 600 au 700. Usiku inageuka, hewa baridi inateremka kutoka milimani pande zote kwenda ziwani na kuinyanyua hewa ya ziwa, ambayo bado ina joto, kwa hiyo radi za usiku na alfajiri zinakuwa za wavuvi. Ni mpango uleule unaoonekana Ziwa Victoria. Na ukitaka kujua milima, ziwa na joto vikikutana vinaweza kufanya nini, vipimo vya setilaiti vilivyotolewa 2016 viliitaja Kabare, mashariki mwa Kongo karibu na Ziwa Kivu, kuwa ya kwanza Afrika kwa wingi wa radi na ya pili duniani, zaidi ya mara 200 kwa mwaka kwenye kila kilomita moja ya mraba.

Kuhusu radi kuua. Oktoba 2018 kule Geita radi ilipiga shule ya msingi, wanafunzi 6 wakafariki. Huku kwetu saa ya hatari ndo hiyohiyo watoto wanatoka shule na wazazi wako shambani, saa nane mpaka saa kumi na moja. Watu wengi wanasubiri mvua ianze ndo wakimbie, wakati radi inaweza kupiga kilomita kumi au zaidi kutoka kwenye mvua, ukiwa bado una jua kichwani. Kama umeona mwanga na ngurumo imefika kabla hujafikisha sekunde thelathini, acha jembe, ondoka. Usiende chini ya mti, huo mwembe au mparachichi uliosimama peke yake ndo utakaopigwa na umeme utashuka kwenye shina ukurukie wewe. Nenda kwenye nyumba nzuri iliyofungwa au ndani ya gari la bati vioo vimefungwa, kwenye bodaboda hapana. Kibanda cha nyasi cha shambani hakikusaidii. Ng'ombe wanakufa kundi zima sio kwa sababu wote wamepigwa, umeme ukiingia ardhini unasambaa, na mnyama ambaye miguu ya mbele na ya nyuma iko mbali unampitia mwilini, kwa hiyo na wewe ukikwama uwanjani unganisha miguu, chuchumaa, usilale chini. Ngurumo ya mwisho ikishapita subiri nusu saa nzima.

Najua wazee wetu wengi wanaamini radi inatumwa, na sina sababu ya kumvunjia mtu heshima kwenye msiba wake. Nitasema tu kwamba kufunika vioo na kuvua nguo nyekundu hakuizuii, na nyumba iliyoko kileleni bila kinga ya radi itapigwa kabla ya iliyoko bondeni bila kujali nani anakaa ndani. Shule nyingi tumezijenga juu ya vilima kwa sababu ndo kiwanja kilichobaki. Kamati za shule zinapochangisha za madawati naomba ziweke na fungu la kinga ya radi, na fundi wake awe anayejua kuuchimbia waya ardhini sawasawa, sio kuusimamisha tu juu ya bati.

Sasa mbegu. Radi za mwanzo za Novemba, hizi za mchana, ni mvua za milima na joto la siku ile, sio msimu. Shamba lako likipata milimita 30 mchana mmoja linanukia vizuri, mtu anakimbia dukani, anapanda mahindi, mbegu inaota, alafu ule unyevu wa Kongo unarudi nyuma, zinapita wiki mbili za jua la Novemba na mche umeungua. Mbegu ya mfuko sio rahisi kununua mara mbili. Wanaopanda kavu kabla ya mvua wana mahesabu yao, mbegu iliyofukiwa chini kidogo inaweza kungoja udongo ulowe vizuri, ila anayefukuzia kila radi anacheza kamari na wingu la kilomita tano.

Dalili za msimu wenyewe zipo na hazihitaji mashine. Ukiona mvua zimeanza kunyesha usiku na alfajiri, saa ambazo hakuna jua la kupasha mlima, ujue kuna kitu kikubwa kuliko Loleza kinachozileta. Ukiamka siku tatu nne mfululizo anga limefunikwa tangu asubuhi na mchana haufiki hata nyuzi 24, upepo umeacha kutoka mashariki na mawingu yanatokea upande wa Tunduma na Rukwa, na simu za ndugu wa Mbalizi, Chunya, Rujewa na Mafinga zote zinasema nasi imenyesha, hapo ukanda mvua umefika. Radi zitapungua, mvua itakuwa ya kunyesha kutwa bila kelele, na huo ndo wakati wa kutoa mbegu stoo.